Walioitwa wabomoaji wa ustaarabu sasa wanafunguliwa maonyesho

Leo naomba tuweke kando kidogo mambo ya vyama na bei ya mafuta. Nataka tuzungumze kuhusu kelele. Sio za wanasiasa, hizo mnazijua wenyewe. Nazungumzia kelele kama muziki, na mama mmoja wa Kiingereza aliyevuka miaka sabini, ambaye alianza kuzipiga zamani hizo, mbunge akamwita yeye na wenzake wabomoaji wa ustaarabu, halafu miaka arobaini baadaye mji aliozaliwa ukawafungulia maonyesho kwa heshima zote.

Najua tayari kuna mdau anajiuliza haya yanatuhusu nini sisi. Vuta subira ndugu yangu. Humu ndani kuna fedha za walipa kodi, kuna serikali kuamua sanaa ipi safi na ipi chafu, na kuna swali ambalo mimi linaniumiza zaidi: nani anaandikwa kwenye historia kama mwanzilishi, na nani anabaki kuwa "yule dada aliyekuwa kwenye kundi".

Anaitwa Cosey Fanni Tutti. Jina la kuzaliwa ni Christine Newby, kazaliwa Novemba 1951 huko Hull, mji wa bandari mashariki mwa Uingereza uliokuwa ukiishi kwa uvuvi. Baba yake alikuwa mtu wa zimamoto, mkali kwelikweli, lakini mpenzi mkubwa wa vifaa vya umeme. Binti alipoanza kufuatana na mahipi, mzee akamfukuza nyumbani. Hilo jina la kisanii ni utani uliotokana na opera ya Mozart ya mwaka 1790, ambayo kichwa chake kwa Kitaliano ni kama kusema "wanawake wote ndivyo walivyo". Ukijua alichokuja kukifanya, utaona kuwa utani huo una meno.

Mwaka 1969 alikutana hapo Hull na kijana aliyejiita Genesis P-Orridge. Wakaishi na wenzao kwenye jengo la zamani karibu na bandari, wakawa na kikundi kilichoitwa COUM Transmissions. Sio bendi hasa. Leo wanafanya vituko mtaani, kesho wanatumiana sanaa kwa posta na wasanii wa nchi nyingine, keshokutwa wanapiga vyombo ambavyo hakuna aliyefundishwa kuvipiga. Mwaka 1973 wakahamia London, wakapata chumba cha chini katika kiwanda cha zamani mtaa wa Martello, Hackney, wakakipa jina la Kiwanda cha Kifo. Baraza la Sanaa la Uingereza likaanza kuwapa ruzuku. Shikilia hapo kwenye ruzuku, tutarudi.

Kula walikula wapi? Hapa ndipo wengi wanapaparuka haraka. Cosey alikuwa anapiga picha za uchi kwenye magazeti ya wanaume, na baadaye akawa anacheza kwenye mabaa akivua nguo. Kwake ilikuwa kazi ya mshahara na wakati huohuo ilikuwa sanaa: aliingia kwenye biashara ile kama mfanyakazi wa kawaida, bila kuwaambia wenye magazeti kuwa yeye ni msanii, kisha akayachukua yale magazeti yaliyochapishwa kama kazi yake mwenyewe. Unaweza kulipinga hilo, na wapo wanawake wengi wenye hoja nzito walilipinga. Mimi mwenyewe siwezi kusema nimelimeza lote. Lakini kwenye kitabu chake anaeleza wazi kuwa hela hiyo ndiyo iliyoendesha nyumba na kikundi. Yaani wakati magazeti yanapiga kelele kuwa wahuni hawa wanaishi kwa jasho la mlipa kodi, mwanamke mmoja alikuwa anatoka asubuhi kwenda kutafuta kodi ya nyumba.

Sasa tuje 1976, na naomba tutazame kalenda vizuri, maana wanaosimulia kisa hiki huwa wanairuka. Februari mwaka huo Waingereza walikuwa wamechachamaa kuhusu jumba la makumbusho la Tate, ambalo lilikuwa limenunua sanaa ya Mmarekani Carl Andre iliyokuwa matofali 120 yaliyopangwa sakafuni. Matofali! Mwishoni mwa Septemba serikali ya Uingereza, taifa lililowahi kutawala robo ya dunia, ikaenda kupiga hodi Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, kuomba mkopo wa dola bilioni 3.9 kwa sababu paundi ilikuwa inaporomoka. Sisi tunaijua hodi hiyo na masharti yake.

Wiki tatu baadaye, tarehe 18 Oktoba, COUM wakafungua maonyesho katika jumba la ICA, London, mahali panapoendeshwa kwa ruzuku. Maonyesho yakaitwa kwa neno la Kiingereza la ukahaba. Ukutani fremu za yale magazeti ya Cosey, na vitu vingine vikiwemo sodo zilizokwisha tumika. Usiku wa ufunguzi ikapigwa bendi yao mpya, na mcheza uchi akapanda jukwaani. Jamani, katika wiki za namna ile! Mbunge wa Conservative, Nicholas Fairbairn, akawaambia waandishi wa habari kuwa watu hawa ni wabomoaji wa ustaarabu. Daily Mail likachapa, maswali yakaulizwa bungeni, Baraza la Sanaa likabanwa. COUM wakafanya jambo moja la akili sana: kila siku walikata habari zilizoandikwa dhidi yao na kuzibandika ukutani ziwe sehemu ya maonyesho.

Mimi nadhani mbunge yule alikasirika kikweli. Lakini tujiulize kwa nini hasira ilishika kasi vile. Serikali inakata matumizi na watu wanaogopa kupoteza ajira, wakati mkopo wa IMF ni kitu kigumu kukielewa, riba huwezi kuipiga picha. Msichana aliye uchi kwenye jumba linalopewa hela ya serikali, huyo unampiga picha na ukurasa wa mbele unajaa. Fedha walizopewa COUM zilikuwa makombo mbele ya tatizo lenyewe, ila makombo ndiyo yaliyopata kesi.

Bendi iliyopigwa usiku ule iliitwa Throbbing Gristle. Iliundwa Septemba 1975 na watu wanne: Genesis kwenye sauti na gitaa la besi, Cosey kwenye gitaa na tarumbeta ndogo, Chris Carter kwenye sinthesaiza, na Peter Christopherson kwenye kanda. Hawakuwa na mpiga ngoma, na hiyo peke yake kwa bendi ya miaka ile ilikuwa kama pilau bila wali.

Hebu nieleze jinsi walivyofanya kazi, maana watu husikia "kelele" wakadhani ni kugonga masufuria. Chris Carter alikuwa fundi. Alijenga vyombo kwa mkono, kikiwemo kisanduku kidogo alichokitengeneza kwa kufuata mchoro uliochapishwa kwenye jarida la mafundi wa elektroniki, halafu akaubadilisha. Kila chombo kikipitishwa kwenye kisanduku hicho kilitoka kimekatwakatwa, kinatetemeka, huwezi kujua tena kama ni gitaa au ni mashine ya kukata mbao. Christopherson, ambaye mchana alikuwa mbia katika kampuni ya Hipgnosis iliyokuwa ikibuni majalada ya santuri za Pink Floyd, aliunganisha mashine kadhaa za kanda na vibonye kama vya kinanda, akibonya inatoka sauti ya mtu, akibonya kingine inatoka kelele ya mtaani. Leo kazi hiyo inafanywa na simu yako. Wakati huo haikuwepo dukani.

Na Cosey? Gitaa lake lilikuwa la bei ya chini, na hakutaka kujifunza kulipiga inavyotakiwa. Alilikwaruza, akaliburuzia chuma, akalipitisha kwenye vile visanduku mpaka likawa na mlio wa ndege ya vita au wa mnyama anayelia. Tarumbeta yake inakuja juu ya hayo kama ving'ora vya meli kwenye ukungu. Ukisikiliza rekodi zao ukijua ni nani anapiga nini, unagundua kuwa sehemu kubwa ya ile hali tunayoiita indastriali, ile ya kutisha na kutandaa, inatoka kwa yeye na Carter. Sauti ya mbele ya Genesis ndiyo iliyopewa picha kwenye magazeti.

Neno indastriali lenyewe ni lao. Mwaka 1976 walianzisha lebo yao, Industrial Records, na msanii wa Marekani Monte Cazazza akawapa kaulimbiu ya muziki wa viwanda kwa watu wa viwandani. Santuri ya kwanza, The Second Annual Report, ilitoka Novemba 1977, nakala 785 tu. Eti ripoti ya pili wakati ya kwanza hakuna aliyeiona dukani. Mwaka 1979 wakatoa 20 Jazz Funk Greats: nyimbo hazifiki ishirini, jazi hakuna, na jaladani wamesimama wamevaa vizuri, wanatabasamu kama kwaya ya mapadri iliyoenda pikiniki, juu ya jabali la Beachy Head, mahali panapojulikana Uingereza kwa watu kujirusha. Ndani yake kuna wimbo mmoja ambao Cosey ananong'ona juu ya mdundo wa mashine, Hot on the Heels of Love. Usikilize leo utadhani umetengenezwa miaka kumi baadaye kwa ajili ya disko. Sishangai, maana Carter alikuwa mshabiki wa ABBA, na hata aliwatungia kipande cha kuwaenzi.

Kuna jambo sitalipamba. Bendi hii ilichezea alama za Wanazi: nembo ya lebo ilikuwa picha ya Auschwitz, na wimbo mmoja ulipewa jina la gesi iliyotumika kuua watu. Walisema wanataka kumlazimisha msikilizaji atazame kile ambacho jamii ya viwanda iliweza kukifanya. Inawezekana. Lakini nyuma yao walikuja vijana wengi waliochukua alama wakaacha swali, na muziki huu mpaka leo una kona zenye harufu mbaya. Mzigo huo wanne wote wanaubeba, Cosey akiwemo.

Bendi ilivunjika 1981 baada ya onyesho la mwisho San Francisco. Sababu ya ndani ilikuwa kwamba Cosey alikuwa amemwacha Genesis mwaka 1978 na kwenda kwa Carter, na hao wawili wako pamoja mpaka leo. Wakaendelea kama Chris & Cosey, wakatoa Heartbeat 1981 na Trance 1982, wakahamia mashambani Norfolk kwenye jengo lililokuwa shule ya msingi, wakajenga studio yao humo. Hapa hadithi inapoa na waandishi wengi wanafunga daftari. Kwangu mimi hapa ndipo penye umahiri: zaidi ya miaka arobaini ya kufanya kazi bila kampuni kubwa, wakimiliki rekodi zao, wanalea mtoto, na watengenezaji wa muziki wa elektroniki wa vizazi vitatu wanakuja kuchota kwao. Akiwa mtu mzima Cosey akasoma digrii Chuo Kikuu Huria. Genesis upande wake alipata balaa jingine mwaka 1992, kipindi cha televisheni kilipodai kuwa video yake ya sanaa ni ushahidi wa ibada za kishetani. Polisi wakavamia nyumba na kubeba nyaraka zake, yeye akiwa Nepal. Tuhuma ile ilibomoka, lakini alihamia Marekani.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 2004 bendi ilirudi jukwaani. Mwaka 2006 kazi za magazeti za Cosey zikaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Tate, na 2007 bendi ikapiga ndani ya Tate Modern. Ndiyo, Tate ileile ya matofali. Oktoba 2010 Genesis akaondoka katikati ya ziara, na Novemba Christopherson akafariki Bangkok.

Na 2017 Hull ikawa Mji wa Utamaduni wa Uingereza. Uvuvi wa Hull ulikuwa umekwisha zamani. Vita vya samaki kati ya Uingereza na Iceland viliisha mwaka uleule wa 1976, Waingereza wakashindwa, meli zikabaki zimefungwa bandarini. Mji ukiwa hauna tena cha kuvua unatafuta cha kuonyesha, na miongoni mwa vitu vya kwanza walivyovipata ni COUM. Februari 2017 maonyesho yao yakafunguliwa Humber Street, kwenye lililokuwa soko la matunda, karibu kabisa na lile jengo walilokaa vijana wale. Sitaki kubeza, kazi ilistahili. Ila angalia jinsi inavyokwenda: msanii akiwa hai, kijana, ana njaa na anauliza maswali, anaitwa mhuni. Akishazeeka na mji ukihitaji watalii, anakuwa urithi.

Miezi miwili baadaye, Aprili 2017, Cosey akatoa kitabu cha maisha yake, Art Sex Music. Humo akaandika kuwa Genesis alimtesa kwa miaka, kwa kumtawala na kwa kumpiga, na kwamba siku moja alimrushia tofali la saruji kutoka juu, likamkosa kichwa kidogo tu. Genesis alikana. Kumbuka tarehe: habari za Weinstein zililipuka Oktoba 2017. Cosey alisema kabla wimbi halijaja, wakati bado haikuwa salama wala haikuwa na faida.

Genesis alifariki New York tarehe 14 Machi 2020 kwa saratani ya damu. Taazia zikamwita mungu-baba wa indastriali. Baadhi zikataja tuhuma za kitabu, nyingine zikapita pembeni. Mimi siombi santuri zichomwe. Ninachouliza ni hiki: kama wanne walitengeneza kitu pamoja, na mmoja anaandika kuwa alikuwa anakitengeneza huku akiishi kwa hofu, kwa nini bado tunasimulia kana kwamba mmoja alibuni na watatu walimsindikiza? Neno "mwanzilishi" kwa umoja linafanya kazi chafu sana kwenye historia za muziki. Tunalitumia hata kwenye bendi zetu za dansi, mnajua wenyewe.

Cosey hakuishia kulalamika. Mwaka 2022 alitoa kitabu kingine, Re-Sisters, kuhusu wanawake watatu, yeye mwenyewe akiwa wa tatu. Mmoja ni Margery Kempe wa Norfolk, mwanamke wa karne ya 15 anayehesabiwa kuwa mwandishi wa habari za maisha yake wa kwanza kwa Kiingereza, ambaye maandishi yake kamili yalionekana tena 1934 tu. Mwingine ni Delia Derbyshire, aliyekuwa BBC. Mwaka 1963 alitengeneza muziki wa kufungulia tamthilia ya Doctor Who kwa kukata na kuunganisha vipande vya kanda kimoja kimoja, kwa wembe. Mtunzi aliyeandika noti, Ron Grainer, alitaka Delia atajwe naye. Taratibu za BBC zikakataa. Delia alifariki 2001, na jina lake likatokea kwenye skrini ya Doctor Who mwaka 2013. Fikiria, miaka hamsini kusubiri mstari mmoja wa maandishi.

Narudi kwa mdau aliyeuliza yanatuhusu nini. Kelele hizi ziko kwetu tayari. Agosti 2020 vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu kwa jina la Duma kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Sisi tukisikia duma tunaona mnyama mwenye mbio, kumbe kwa Kikuyu ni giza. Ni chuma, mayowe na mashine kwa mwendo wa kuogofya, na wajuzi wa Ulaya waliipokea kwa mikono miwili.

Na tamasha la Nyege Nyege lenyewe? Kwa Kiganda jina hilo lina maana ya hamu ya ghafla ya kucheza. Kwa Kiswahili, haya, mnajua, watoto wasisome. Septemba 2018 waziri wa maadili wa Uganda, marehemu Simon Lokodo, alilipiga marufuku kwa hoja za maadili, halafu likaruhusiwa. Septemba 2022 bunge la Uganda likataka lisimamishwe tena, serikali ikaliruhusu kwa masharti. Hapakuwa hata na ruzuku ya kulalamikia. Tofauti na 1976, wengine ndani ya serikali walikuwa wanahesabu watalii na vyumba vya hoteli Jinja, na hesabu hiyo ndiyo iliyolisaidia, hotuba za uhuru wa sanaa zingekwama njiani. Hull walihitaji miaka arobaini kufika kwenye hesabu hiyo. Waganda wamefika ndani ya wiki moja, kwa hiyo tusijidharau sana.

Mama Cosey bado anafanya kazi. Alitoa albamu yake mwenyewe, TUTTI, mwaka 2019, na nyingine, 2t2, mwaka 2025. Kwa asiyejua aanzie wapi, aanze na TUTTI usiku, kwa sauti ya kutosha kuisikia ile tarumbeta, ila majirani wasiite mjumbe wa nyumba kumi. Na wadau wa Nairobi na Kampala mliowahi kuwaona Duma jukwaani, tupeni habari hapo chini, hasa nani alikuwa anashika mashine na nani alikuwa anapiga mayowe. Majina yaandikwe mapema.